Balbu ya Sebuleni

Msimu wa korosho ukifunguliwa
chama kinanituma Tandahimba na mizani,
wiki sita, mwaka mwingine saba,
kupima magunia ya watu na kubishana nao juu ya unyevu.
Usiku nalala gesti, chumba namba nne,
kitanda kinachoanza kulalamika kabla sijakikalia.

Nimejifunza kufungasha.
Nguo si kitu: moja mwilini, moja kambani.
Ninachofungasha ni nyumba, vipande vipande.
Foronya yangu ya maua yaliyofifia,
maana foronya ya gesti ina ndoto za watu wengine.
Kikombe cha bati, kimebanduka rangi ukingoni
pale pale mdomo wangu unapokaa.
Ming'oko ya kuchemsha ndani ya kitambaa,
ya siku mbili za mwanzo, chumvi yake ingali inashika vidole.
Redio ndogo, betri zake zimefungwa kwa mpira.
Na ndara, kwa sababu ndara za gesti
zote mbili ni za kushoto.

Somoe ananitazama, kaegemea mlango.
"Unasafiri au unahama?
Ng'oa na mlango basi, ukajifungie."
Simjibu. Napanda juu ya kiti,
naifungua balbu ya sebuleni taratibu, ingali vuguvugu,
naiviringisha ndani ya soksi.

Mnaocheka hamjalala chumba namba nne.
Taa yake ni rangi ya chai iliyorudiwa majani:
tarakimu huzioni, mende huwaoni,
unamwona Nantende tu, mwenye gesti, akipitia kodi.
Nafika, navua viatu, nabadilisha balbu.
Chumba kinashtuka.
Kuta nazo zinaonekana zilivyo, sikatai.
Najaza daftari, nakunywa chai kwa kikombe changu,
redio inakohoa taarifa ya habari
kikohozi kile kile cha nyumbani,
na kwa nusu saa hivi
mimi ni mtu wa Chikongola, nimekaa kwangu.

Usiku wa tatu nikampigia simu.
"Unafanya nini?"
"Nimekaa."
"Umekaa wapi?"
"Nitajuaje, Mchopa? Ni giza.
Nilitaka taarifa ya habari, nikakumbuka redio unayo.
Nikasema basi nilale, nikaukuta mto wako uchi."
"Si ununue balbu, dukani zipo."
"Zipo. Sinunui. Nataka urudi uone."
Kisha akacheka, kile kicheko chake cha puani,
nikakisikiliza mpaka salio likaisha.

Siku ya kurudi nilikuwa na haraka ya mtu aliyeambiwa hivyo.
Foronya nilibeba, kikombe nilibeba,
hata ndara, zikiwa bado na maji.
Balbu nikaiacha juu, inawaka mchana kweupe.

Msimu uliofuata Nantende kaniambia,
"Namba nne imepanda. Elfu tatu zaidi.
Kile chumba kina taa nzuri."
Nikalipa.
Wiki sita nikalala chini ya balbu yangu kwa kodi.

Sasa ni zamu yake. Binti wa dada yake kajifungua, Lindi,
na Somoe amekwenda kumlea, siku arobaini.
Nguo alifungasha kwa dakika tano.
Kisha akachukua mbuzi ya kukunia nazi,
"Mbuzi ya watu hainitii."
Akachukua pazia la chumbani, hakutoa sababu.
Akachukua na foronya, ile yangu,
akaikunja mara nne, akaitia chini kabisa.
Nilikuwa nimeegemea mlango.
Nilikuwa na neno la kusema, nikalimeza.

Hii wiki ya pili nakula wali mkavu.
Watoto wa jirani wakipita dirishani
wanaona mpaka uvunguni mwa kitanda.
Jana nimenunua balbu mbili.
Moja inawaka sebuleni, inaangaza kiti kimoja.
Ya pili iko ndani ya soksi, juu ya meza,
pembeni ya ming'oko ya kuchemsha.
Basi la Lindi linaondoka alfajiri.