Sikio la Kulia

Makasha matano, na la sita kubwa kama ndama,
yalishushwa Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
kwa Bi Mwanakombo. Mwanawe kayatuma toka Maskati
na neno moja kwenye simu: "Fundi, mama asikie vizuri."

Futikamba niliisahau. Kamba ya kuanikia ikatosha:
toka kochi hadi spika ya kushoto, fundo;
toka kochi hadi ya kulia, fundo lile lile.
Za nyuma tukaziweka juu ya kabati la vyombo,
tukaziondoa: vikombe vilianza kucheza kabla yetu.
Besi nikaisukuma konani, ikabweka.
Nikaivuta hatua mbili, ikanguruma kwa adabu.
Kibwana, mjukuu, akapiga kofi katikati ya chumba,
ukuta ukamrudishia kofi lake.
Tukatundika kanga tatu na jamvi. Kofi likalala.

Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.

"Ya kushoto haisemi," akasema Bi Mwanakombo.
Nikachomoa, nikakwangua waya, nikachomeka.
"Haisemi."
Nikabadili waya. Nikabadili na spika yenyewe.
Nikainamisha kichwa pale, ikanipigia ukelele shavuni.
"Mgaza mwanangu, acha tu.
Hata redio yangu ya zamani ilikuwa hivyo, bubu upande."

Nikasimama kushoto kwake, nikamwita taratibu.
Hakugeuka.
Kibwana akacheka: "Hilo liliondoka na matubwitubwi,
bibi angali msichana. Kwani hukujua?"
Sikujua. Nilipima chumba, sikumpima mtu.

Basi nikavunja yote niliyofundishwa.
Ya kushoto nikaivusha kulia, nikaipandisha kwenye stuli,
sauti mbili nikazipitisha mlango mmoja.
Sisi wengine tukasikia chumba kimekaa upande,
kama meza iliyokatwa mguu.

"Sasa weka kanda ya harusi yangu."

Mkwaruzo. Zumari. Mtu anakohoa.
Kisha, toka ule upande uliokuwa bubu, kigelegele:
chembamba, kirefu, pumzi haikatiki.

Akainua mkono. "Rudisha."
Nikarudisha.
"Rudisha tena."

"Huyo Mwanamkasi, dada yangu.
Alisimama kushoto.
Na mimi miaka thelathini na minane namnunia
kwamba siku yangu alifumba mdomo."

Kibwana akauliza, apunguze besi?

"Besi iache. Nitafutie namba ya Pangani."