Mpaka Likauke

Jaribio la arubaini na moja nalijua kama jino bovu:
leo kimya, kesho halikupi usingizi.
Linafungua kivinjari, linachagua safari ya Mkoani,
kiti cha dirishani, abiria mmoja, hana mzigo,
linangoja kitufe cha LIPA kichomoze,
linakibonyeza,
linangoja risiti.

Mara nane risiti inakuja.
Ya tisa haiji.
Hakuna aliyegusa msimbo. Umeme upo.
Hata feni ya Shaame inazunguka vilevile, ikikwaruza.

"Kigeugeu hicho," kasema Khatib, mkuu wetu hapa Machomane,
sikio kwenye simu, vidole kwenye sahani ya muhogo.
"Kiwekee marudio. Kikianguka, kirudie.
Kikianguka tena, kirudie tena.
Mara tatu, yakhe. Hata udhu ni mara tatu."

Nikaandika mstari mmoja tu.
Skrini nzima ikawa kijani kama bonde la mpunga.
Toleo jipya tukalipeleka Alhamisi, kabla ya alasiri,
na mie nikarudi nyumbani mapema, nikala, nikalala.

Wiki tatu mashine ikawa inaandika pembeni,
kwa herufi ndogo za watu wasiosomwa:
limeanguka, limeanguka, limepita.
Limepita.
Limeanguka, limepita.
Neno la mwisho ndilo tulilolisoma.

Kisha akapiga simu Bi Time, wa Kangani.
Hakugomba. Afadhali angegomba.
Alibonyeza LIPA, akasema, na skrini ikamtazama.
Akaogopa kubonyeza tena, asije akalipa mara mbili,
akaiweka simu kifudifudi juu ya mkeka, akangoja ujumbe
hadi meli ikang'oa nanga,
na miadi ya macho ya mwanawe, kule Mnazi Mmoja, ikapita.
"Basi nikasema labda sikubonyeza vizuri, mwanangu.
Hivi vitu vyenu mie sivijui."

Yeye hakuna aliyemwandikia mstari
wa kumrudisha mara tatu.

Usiku huo nikayazima marudio.
Nikakipunguza mwendo kivinjari, hatua kwa hatua,
na pale, ndani ya nusu sekunde, nikakiona:
kitufe kinachorwa kabla hakijapewa kazi yake.
Uso kinao, masikio bado.
Ukikigusa wakati huo umegusa picha.
Jaribio letu lina mkono mwepesi. Bi Time naye, kumbe.
Lile la arubaini na moja halikuwa kigeugeu hata siku moja.
Lilikuwa linasema jambo lile lile,
nasi tunalirudisha mlangoni likagonge upya
mpaka ligonge kwa adabu.

Mamangu, Mtambile, huanika karafuu mbele ya nyumba.
Kabla hajazitia guniani huchota moja katikati ya jamvi, akaivunja.
Kavu hulia, ka!
Iliyo na maji hupinda tu, haina sauti.
Ikipinda, jamvi zima linabaki juani siku nyingine,
na anayetaka pesa za shule atasubiri.
Sijapata kumwona akiitupa iliyopinda, akaokota nyingine, na nyingine,
hata aipate ya kulia,
kisha akaita: njooni mpime, zimekauka.

Sikufuta yote. Mtandao wa hapa nao una ya kwake,
kuna siku waya unakatika na kosa si la mtu.
Mengine nimeyaachia kurudi mara moja,
lakini kila lililopita kwa kurudi
naliandika jina, na tarehe, na saa,
na Jumatatu Shaame anatusomea kwa sauti kabla ya chai.
Hapendi. Anasoma haraka haraka kama khutuba ya mvua.

La arubaini na moja linasimama bila marudio.
Leo asubuhi ukutani pana doa moja jekundu.
Khatib kalitazama, kanitazama,
kaniuliza litakaa hapo mpaka lini.

Nimemjibu: mpaka likauke.