Ngozi ya Kiamaiko

Ngozi ya kwanza ilipasuka kwenye harusi ya Kathambi,
katikati ya jigi, pale Ochola anapopenda kuharakisha
kama mtu aliyekumbuka ameacha maziwa motoni.
Fintan akasema ngozi ya ngoma hiyo haipatikani huku,
ni mpaka Golwei, mpaka posta, mpaka miezi mitatu.
Ochola hakujibu. Alfajiri ya pili
alikuwa Kiamaiko, akipita kati ya mbuzi waliofungwa
na mbuzi waliofunguliwa milele,
akachagua ngozi ya beberu wa Marsabit
yenye kovu la mwiba karibu na ubavu.

Tuliiloweka kwenye beseni la nguo,
tukaikwangua kwa kigae cha chupa,
na majirani wa Jericho, ghorofa ya tatu,
wakauliza harufu hiyo ni ya matanga au ya sherehe.

Haikutukubali upesi.
Mvua ikinyesha, inalegea, inanuna: bu, bu.
Jua likiwaka, inapiga kelele kama shangazi aliyeibiwa.
Fintan aliitegea sikio, akasema
kwa Kiswahili chake cha Kitui,
alichokiokota akifundisha hesabu miaka thelathini,
"Huyu mbuzi hajawahi kuona bahari yetu."
Kisha akakaza fidla, akaikimbiza ngoma ile
mpaka jasho likamtoka Ochola kwenye viwiko.
Haikupasuka.

Sasa Fintan ameondoka. Nyonga ndiyo iliyomrudisha kwao.
Alituachia fidla, daftari la noti
na deni la ukumbi.
Wanaotualika hutupokea mlangoni
wakichungulia nyuma yetu, ndani ya gari:
"Na Mwairishi? Mwairishi yuko wapi?"
Ni sisi, tunasema.
Meneja mmoja wa Westlands alitukata malipo
kwa upungufu wa Mwairishi mmoja.
Mwingine alitaka tuvae kofia za kijani.
Tulivaa. Kodi ya nyumba haichagui rangi.

Lakini juzi, ukumbi wa parokia, South B,
mchango wa paa la chekechea,
stima ikapotea kabla ya wimbo wa pili.
DJ akabaki ameshika waya
kama mtu aliyeshika mkia, ng'ombe ameenda.
Sisi hatukuwa na waya wa kukatika.
Mwikali akalowesha midomo, filimbi ikaingia gizani kwanza,
nami nikaifuata na kodiani ya baba,
ile iliyochezesha mwomboko Dagoretti kabla sijazaliwa.
Ina vifungo viwili bubu.
Nimejifunza kuviruka kama vidimbwi.

Ulikuwa wimbo wa polepole, wa mapigo matatu.
Mama Wahu, mweka hazina, akatoka jikoni
na mwiko mkononi, unga hadi kwenye nyusi.
"Huo ni wetu," akasema.
"Ni wa Klea," akajibu Mwikali, akivuta pumzi.
"Basi hao Klea waliuchukua lini?"
Hakungoja jibu. Aliuweka mwiko juu ya spika iliyokufa,
akamshika katekista Mulinge kiunoni,
hatua mbili, kisha kugeuka,
hatua mbili, kisha kugeuka,
na katekista, ambaye hata kwenye Haleluya husimama kama nguzo,
aligeuka.

Wakaja wengine. Viatu nilivisikia kabla ya kuwaona watu:
raba, visigino, ndala moja iliyokatika,
vyote vikitafuta sakafu kwa wakati mmoja.
Ochola hakuharakisha.
Kidole chake cha gumba kilikuwa kimelala juu ya lile kovu
na ngoma ilisema jambo dogo, chini chini,
ambalo Fintan hakuliandika daftarini.

Stima iliporudi mtu akapiga kelele, "Zimeni!"
Wakazima.

Zikapatikana pesa za mabati kumi na moja.
Yanahitajika ishirini na sita.
Mama Wahu ameshatuandika kwa Jumamosi ijayo,
saa nane kamili, chai ipo, malipo hakuna,
na mstari mwingine chini yake, kwa kalamu nyekundu:
taa zisiwashwe.