Ankara ya Bi. Wakesho

Karatasi ni za Bukavu, kwa Kifaransa.
Mahakama iko Bremen, inasoma Kijerumani.
Mjane yuko Kayole, chumba nambari tisa,
na mimi, karani wa wakili, nina siku kumi na moja.

Nikaanzia Westlands. Kijana wa suti ya kijivu
aliyahesabu maneno kabla hajayasoma,
hata "na" akaitoza.
"Umewahi kuapishwa?" nikamuuliza.
Akacheka. "Kwani nimeshtakiwa?"

Ngara, mwalimu mmoja alikuwa na kamusi na moyo mwema.
Palipoandikwa utaratibu wa mali ya wanandoa
kamusi ilimpa maana ya pili ya neno, naye akaiamini:
jaji angesoma kwamba Nabintu
aliolewa chini ya mkungu wa ndizi.
Nilipomsimulia mjane, alicheka,
mara ya kwanza tangu tujuane.
"Iko kweli," akasema kwa Kiswahili cha kwao,
"migomba ilikuwa hapo pembeni ya kanisa."

Kiswahili chake, Kiswahili changu:
ndicho kilichotukalisha benchi moja,
na ndicho pekee kisichokuwa na muhuri katika faili lile.

Siku ya nane, Mtaa wa Biashara,
juu ya duka la sare za shule, lifti imekufa,
nikampata Bi. Wakesho, miwani imefungwa uzi.
"Mnatafuta mfasiri au mkalimani?"
Nikasema, si yote mamoja?
Akanitazama kama mtu aliyeulizia chumvi
kwenye duka la vitambaa.
"Mfasiri hulala na neno, akaamka nalo.
Mkalimani hulimeza likingali moto.
Mimi hufanya yote mawili,
ila si siku moja."

Kurasa zikaenda. Mwezi ukapita.
Siku ya kusikilizwa, Bremen ikatokea kwenye skrini,
jaji mwenye mafua, kikombe mkononi.
Nabintu akasema: mume wangu alianguka ghalani.
Na Bi. Wakesho, ambaye hajawahi kuolewa,
akasema kwa Kijerumani: mume wangu.
Si "mumewe." Si "mama huyu anasema."
Wangu. Neno hilo moja nalijua,
alinifundisha tukipanda ngazi.

Jaji akauliza kama kulikuwa na mtoto.

Nabintu akainama.
Bi. Wakesho naye akanyamaza
kwa kipimo kilekile, sekunde kwa sekunde,
wala hakumwazima neno.
Kule Bremen kikombe kikawekwa mezani.

Ankara ilifika Ijumaa:
kurasa sita, kiapo, muhuri, saa moja na nusu ya ukalimani.
Niliisoma mara mbili, kikaratasi cha kalamu ya wino,
hesabu zimenyooka.
Ukimya hakuutoza.