Jumanne na Jumatano

Alishuka Uvinza na garimoshi la usiku,
mtu mfupi, mabega mapana,
na mzigo wa mpira uliokunjwa, ukubwa wa ng'ombe aliyelala.
Wapagazi wanne waliugombea. Watatu wakaukimbia.
"Naitwa Lakpa," akasema, kwa Kiswahili cha wiki sita,
"yaani Jumatano. Kwetu mtoto huitwa kwa siku yake."
Mwenzangu akacheka hadi kofia ikadondoka:
"Basi mimi ndiye Jumanne! Nimekutangulia."

Ndivyo tulivyoingia Malagarasi.
Jumanne mbele, Jumatano nyuma na makasia mawili,
na mimi katikati, juu ya kiroba cha unga, mpishi,
mimi Ntakije, niliyechemsha maji ya chumvi miaka kumi na mmoja
nisijue kwamba maji nayo humchemsha mtu.

Siku ya kwanza mto ulitupokea kama mama mkwe,
mpana, kimya, macho chini.
Lakpa aliusoma.
Kile kivimbe kisichotikisika, jiwe.
Ule ulimi laini unaong'aa, njia.
Povu linalozunguka mahali pamoja,
shimo hilo, halirudishi inachoazimwa.
Kwao, alisema, mito hudondoka kutoka kwenye theluji,
ya kijani, unapiga kasia siku nane
usione moshi wa jiko la mtu.
"Kwetu maji huua kwa baridi."
Jumanne akainua kidevu kuelekea ukingoni,
gogo moja likafumba jicho:
"Ya kwetu yana meno."

Jioni akarusha ndoano.
Alivua, jamani. Alivua!
Kambare, na singa wa sharubu ndefu kama kamba za viatu.
Kila mmoja akamshika chini ya tumbo, humohumo majini,
akamwelekeza uso kwenye mkondo,
akangoja mapezi yakumbuke kazi yake,
akamwachia.
Mimi na sufuria yangu tukitazama.
"Huyu anavua," Jumanne akaninong'oneza, "au anasalimia?"
Tukala maharage.
Usiku, miyombo ikidondosha vijiti juu ya turubai,
akatueleza: "Kule kwetu tuliwala hadi mto ukanyamaza.
Sasa nawahesabu tu."

Siku ya tatu, juu ya Igamba,
pale tulipokuwa tutoke, tulibebe boti begani,
mto ukatuwahi.
Sikumbuki vizuri. Nakumbuka nyayo za Jumanne
zikielekea mbinguni.
Nakumbuka ladha ya tope, na mkono
ulionikamata ukosi kama mwizi wa kuku.
Tukatambaa juu ya mwamba, tukajihesabu: watatu.
Unga umekwenda. Maharage yamekwenda. Sufuria,
ile ya marehemu shangazi, imekwenda kula ugali na mamba.
Mfukoni mwangu ilibaki chupa ya chumvi, kifuniko kikavu.

Jua likakaribia kuzama. Lakpa akarusha ndoano.
Singa akaja, urefu wa mguu wangu.
Akamshika chini ya tumbo, humohumo majini,
akamwelekeza uso kwenye mkondo.
Jumanne akageuka kutazama ng'ambo,
maana ana heshima zake, hawezi kuomba kwa macho.
Nami sina heshima hizo.
Nikafungua chupa.
Kifuniko kililia kidogo tu, krik,
na mapezi yalikuwa yameshaanza kukumbuka.

Akamtoa.
Akasema naye maneno machache ya lugha yao,
mafupi, kama mtu anayelipa nauli,
kisha akanipa kisu.
Tulimchoma kwenye jiwe. Kichwa alikula yeye,
akanyonya hadi mfupa wa shavu, akauliza:
"Chumvi ipo tena?"

Ilagala, tukingoja kivuko, tuliachana.
Alinifunza fundo moja la kamba
linalozidi kukaza kadiri unavyolivuta.
Mbuzi wa mama wamefungwa nalo hadi leo.
Na Jumanne, kila wiki siku yake ikiisha,
hutazama upande jua linakotokea
na kusema: zamu yako, ndugu.