Dakika Tatu

Isabirye humshika kwa taulo lililolowa,
macho amemfunika kwa kiganja,
nami natafuta mshipa chini ya mkia.
Dakika tatu, si zaidi.
Ikiingia ya nne, damu haisemi tena habari za ukuta,
inasema habari za mikono yetu.

Huyu ni kisinja, jike, kilo mbili na robo.
Ana uzi wa kijani karibu na pezi la mgongoni,
tulimshona sisi wenyewe
siku kumi na moja zilizopita, papa hapa,
hatua ishirini kutoka yanapotokea maji ya mitambo.
Kumi na moja.
Mto mzima wa nyuma ulikuwa wake.
Akabaki, pua kwa saruji.

Simlaumu. Maji yale yanatoka kwa kishindo,
na kwa samaki wa kupanda kishindo ni mlango:
penye ngurumo pana njia,
penye povu kaza mkia, ruka.
Damu yake haijawahi kusikia
ngurumo isiyo na upande wa pili.

Naweka tone kwenye kijikaratasi,
nakichomeka katika kimashine cha sukari,
cha watu, cha zahanati; cha samaki hatuna.
Kinafikiri. Kinalia.
Namba ile naifahamu.
Niliiona Jumapili kule Mbulamuti
kwenye kidole cha mama,
mama ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri,
akaniuliza, "Sasa sukari hii nimeilamba wapi?"

Nikamwambia mwili ukiogopa hufungua ghala,
hutupa akiba yote nje:
kimbia, pigana, kesho itajijua.
"Na hofu isipoisha leo?"
Alikuwa akifuta kidole kwa pindo la gomesi.
Sikumjibu. Nilitazama balbu,
jinsi umeme ulivyotulia usiku ule,
haukukatika hata mara moja.

Isabirye anabonyeza tumbo, polepole, kuelekea mkiani.
Mwezi huu yangemwagika mayai
kama mtama kwenye gunia lililotoboka.
Kinatoka kimaji, rangi ya chai ya mkandaa.
Ameyarudisha.
Mwili umeyavunja moja moja
ukayafanya kuni za kusukumia mkia.
Shuleni tuliimbishwa kwamba mvumilivu hula mbivu.
Huyu kavumilia, kala mbichi,
zake mwenyewe, bila kufungua kinywa.

"Sekunde arobaini," anasema Isabirye.

Fomu ina nafasi ya urefu, ya uzito, ya joto la maji,
na chini kabisa, Maoni, mistari miwili.
Naandika: *mayai hakuna.*
Naandika: *amechoka,* nafuta,
si neno la kupimika.
Mstari wa pili unabaki mweupe,
na tone la mto linaudondokea, linatanda.

Namshusha majini, kichwa kwenye mkondo,
naitegemeza kidevu kwa vidole viwili
hadi matamvua yaanze kupiga tena,
moja, kimya, moja, mbili,
kama mtu anayehesabu pesa alizokopa.

Halafu uzito unaondoka mkononi.
Uzi wa kijani unageuka,
na ninajua kabla haujamaliza kugeuka
ni upande gani.