Kumi na Nne

Karatasi ilikuwa mlangoni pa friji, imebanwa kwa sumaku,
mwandiko wa baba, ule ule wa miaka thelathini
ya kukata tiketi za treni Liepāja:
Kumi, kompyuta yangu. Kumi na moja, printa.
Kumi na mbili, tabuleti ya Velta.
Kumi na tatu, mstari mtupu, maana baba hachezei bahati.
Kumi na nne: D.
Kumi na tano, runinga.

Kila chombo na kiti chake,
na mgawaji ni yeye, miwani puani,
akiingiza tarakimu moja moja
kama anayeshona kifungo.

Ikaja sikukuu ya usiku mfupi.
Wakaja wajukuu, simu tisa, jibini la kisibiti.
Rihards, mwenye miaka tisa na haraka zake,
akajiandikia kumi na moja.
Printa ikanyamaza. Mchezo wake ukakwama.
Mafahali wawili, na zizi lenyewe ni tarakimu moja.
Baba akatukana kwa Kirusi,
lugha anayoitunza kwa kazi hiyo tu.

"Niachie," nikasema.

Nikaingia kwenye ruta kwa nywila iliyobandikwa tumboni mwake,
nikawasha swichi: igawe anwani yenyewe,
kuanzia mia moja hadi mia mbili,
muda wa kukaa, saa ishirini na nne.
Printa nikaifungia kumi na moja yake;
printa ni kama bibi wa kanisani,
ukimhamisha benchi, humwoni tena.

"Nani atakuwa anagawa?"
"Ruta. Simu ikiingia inaita gizani: kuna mtu?
Inajibiwa: nipo, chukua mia na tatu.
Simu inasema: naiomba hiyo hiyo.
Ruta: yako, mpaka kesho."
"Mpaka kesho," akarudia, kama anayeonja supu.
"Na kesho?"
"Itaomba tena. Ikiwepo."
"Isipokuwepo?"
"Atapewa mwingine."

Akatazama friji.

Hapo ndipo nikaielewa ile D.
Miaka saba niko Cork, napanga minofu ya samaki masandukuni,
natuma nyumbani picha za mvua,
na huku runinga mpya ilipoletwa
baba aliiruka nafasi, akaipa kumi na tano.
Kiti kimeshikiliwa. Abiria hajui.

Simu yangu ilikwisha kupewa mia na nane,
bila sherehe, kama mpita njia yeyote.
Nikanakili namba yake ya kuzaliwa, herufi na tarakimu kumi na mbili,
nikaifunga kwenye kumi na nne.
Nikaizima. Nikaiwasha.
Ikaita gizani.

Jumatatu nikarudi kwenye samaki.
Mama anasema ruta inagawa usiku na mchana, haichoki,
na baba haiulizi kitu.
Ile karatasi ameigeuza, nyuma yake ameandika
maziwa, balbu, mkate mweusi,
akaibana pale pale,
D ikiwa upande wa ndani.